Aliniuzia: Jinsi Kiingereza Kinavyogawa Kazi ya Kiambishi Kimoja

"Broka aliniuzia dhahabu." Katoro, mji wa wachimbaji dhahabu mkoani Geita, Tanzania, sentensi hii haimshangazi mtu, lakini ina maana mbili ambazo penye mzani hazichezewi. Huenda mimi ni mnunuzi: nimetoa pesa, mzigo ni wangu. Au mimi ndiye niliyetoka na mzigo mwaloni, dhahabu inakooshwa, broka kanisaidia kuutafutia soko, na sasa namdai. Kiswahili kinaacha mazingira yaamue. Kiingereza hakisubiri mazingira. Mnunuzi atasema "he sold it to me", mwenye mzigo atasema "he sold it for me".

Kinachobeba mzigo wote huo kwetu ni kiambishi cha kauli ya kutendea, ile -i- iliyojificha katikati ya "uzia". Kina kazi nyingine pia. "Aliniibia simu" ni ya mtu aliyeibiwa, na Kiingereza hapo hutaka "from". "Gari liliniharibikia njiani" ni ya mtu aliyepatwa na balaa, nacho huweka "on": "the car broke down on me". Kwa hiyo to, for, from na on, vihusishi vinne vyenye sura tofauti, vyote vinaingia ndani ya tumbo la kitenzi chetu. Kisukuma nacho hufanya hivyo hivyo kwa -ila yake. Mtoto wa Katoro anayeongea Kisukuma nyumbani, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, huingia kidato cha kwanza, ambako masomo hugeuka Kiingereza, akiwa na lugha mbili zilizomfundisha jambo moja: uhusiano hukaa ndani ya kitenzi. Akiandika "he stole me a phone", mwalimu humwekea alama nyekundu kana kwamba hakusoma. Kumbe amefuata kanuni kwa uaminifu, ila ni kanuni ya lugha nyingine. Na sentensi yake Kiingereza kinaisoma kuwa mtu aliiba simu kwa ajili yake, yaani amejitangaza mpokeaji wa mali ya wizi.

Wakati mwingine ni kuwepo au kutokuwepo kwa kiambishi hicho kunakogeuza uelekeo. Anayehama Kahama anatoka. Anayehamia Katoro anafika. Anayewakimbia polisi anawapa kisogo, anayewakimbilia anawatafuta. Kiingereza hakigusi kitenzi. Kinaacha "move" na "run" vilivyo, kisha kinaweka "from" au "to" nje. Mwanafunzi akitafsiri "aliwakimbia polisi" kwa "he ran the police", amewapa polisi meneja mpya, maana "run" bila kihusishi hapo ni kuongoza.

Sasa nenda getini kwa mgodi mkubwa zamu inapotoka. "The guards searched the miner" maana yake walinzi walimpekua. Ongeza "for" na ni habari nyingine kabisa: "searched for the miner", walimtafuta, hajulikani aliko. Kiswahili kina vitenzi viwili tofauti hapo, ndiyo maana msomaji wetu hadhani kineno cha herufi tatu kinaweza kubeba tofauti hiyo.

"For" hiyo ya kutafuta ndiyo ninayoipenda kuliko zote, maana ni kihusishi cha wachimbaji. "Search for", "look for", "hunt for", "drill for", "pan for", "dig for": vyote vina mtu anayehangaika na kitu ambacho bado hajakishika. "They mine gold" inasema dhahabu inatoka. "They dig for gold" inasema wanachimba wakiitamani, na haiahidi kitu. Sisi tunasema "wanachimba dhahabu" kwa wote wawili: mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, linalotema na yule ambaye miezi yote anapeleka mawe matupu kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe.

Kwamba vitenzi hujipanga kifamilia namna hii si jambo lililoonekana mapema. Albert Hornby, Mwingereza aliyekwenda kufundisha Japani mwaka 1924, aliona wanafunzi wanajua maana ya maneno lakini hawajui yanavyoungana. Kamusi aliyoitunga na wenzake wawili, iliyotoka Tokyo mwaka 1942 na kuchapishwa tena na Oxford mwaka 1948, ilimwonyesha msomaji mifumo ambayo kila kitenzi hukubali. Hatua iliyofuata ilihitaji kompyuta. Mradi wa COBUILD wa Chuo Kikuu cha Birmingham, chini ya John Sinclair, ulikusanya maandishi halisi kwa wingi na kutoa kamusi yake mwaka 1987. Mwaka 1996 Gill Francis, Susan Hunston na Elizabeth Manning wakachapisha kitabu kizima cha mifumo ya vitenzi, kikafuatiwa mwaka 1998 na cha nomino na vivumishi. Walichoonyesha ni kwamba vitenzi vyenye mfumo mmoja aghalabu huwa na undugu wa maana. "Rob", "deprive", "strip" na "cure" vyote huchukua "of" baada ya mtu, na vyote vinamwondolea mtu kitu, kiwe mali au ugonjwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo madarasa yetu yanapopoteza muda: orodha ya vihusishi inafundishwa kwa alfabeti, kila kimoja na tafsiri yake, kana kwamba "for" ina maana peke yake.

Haina, na ushahidi ni "kwa". Mtu hufa kwa njaa, huuawa kwa kisu, husafiri kwa basi, huuza kwa bei nzuri. Kiingereza hudai "of", "with", "by" na "at", kila kimoja kwa amri ya neno jirani yake.

Nomino ni mtego wa aina yake. Sisi tuna -a unganifu, nayo inatosha: bei ya, sababu ya, ongezeko la, mahitaji ya, uharibifu wa. Kiingereza kinasema "price of", lakini "reason for", "increase in", "demand for" na "damage to". Halafu kitenzi ndugu yake kinaweza kukataa kihusishi hicho. "A discussion about" ni sahihi, "discuss about" si sahihi. "Emphasis on" sawa, "emphasize on" hapana. Makosa haya mawili utayasikia Nairobi, Kampala na Geita kwenye semina yoyote, na sidhani yote yanatokana na Kiswahili. Mtu ameisikia nomino mara nyingi, akakirithisha kitenzi kihusishi chake.

"Na" ya kauli ya kutendwa pia ina visa vyake. "Ameolewa na Masanja" ikigeuka "she is married by Masanja", Masanja amekuwa padri aliyefungisha ndoa. Mume ni "to".

Kwa vivumishi mfano mmoja unatosha, nao unahusu pesa. "Liable for" humhusu anayebeba dhima ya jambo, kwa mfano uharibifu wa shamba la jirani ya duara. "Liable to", ikifuatwa na faini au kifungo, ni ya anayengojewa na adhabu. Sheria ya Madini ya 2010 iliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo kazi kubwa ya kutafsiri ikaangukia watu. Mfasiri akifika kwenye "liable", akaandika "atawajibika" bila kuangalia kineno kinachofuata, mchimbaji hatajua kama anadaiwa fidia au anasubiriwa na gereza.