Ustadi wa Mkandaji

Miongoni mwa kazi za mikono ambazo watu huzihitaji sana na kuzisifu kidogo, sioni inayoizidi kazi ya mkandaji. Seremala husifiwa kwa mlango wa nakshi, ambao hudumu ukitazamwa hata na wajukuu wake, na mshona kofia husifiwa kila Idi kofia yake ivaliwapo msikitini. Lakini mkandaji hana kitu cha kumwonyesha mpita njia, kwa kuwa kazi yake huifanya juu ya maungo ya mtu mwingine, na mtu huyo akishainuka huondoka nayo. Sifa nitakayompa hapa si ya nguvu za mikono, maana nguvu hata hamali wa bandarini anazo, bali ni ya maarifa ya kujua pa kugusa, na kwa kiasi gani, na hasa mahali ambapo haifai kugusa kabisa.

Watu wa pwani hawakungoja nyumba za masaji zifunguliwe ndipo waijue kazi hii. Mtoto mchanga hupakwa mafuta ya nazi akanyooshwa viungo. Mzazi aliye katika arobaini yake hukandwa kwa kitambaa na maji ya moto. Bibi arusi husingwa kwa singo ya liwa na maua hata ngozi yake ikanukia kabla hajaingia chumbani. Na mvuvi aliyeumia bega kwa kuvuta jarife humwendea mzee ajuaye kuchua. Unguja, Sultani Seyyid Said alijenga hamamu, nyumba ya kuogea na kukandwa, Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na mwanawe Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, akajenga nyingine mjini kwa ajili ya umma, mahali paitwapo Hamamni hata leo.

Wala elimu ya kazi hii si ya jana. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliitengea nafasi katika Kanuni yake ya utabibu, akapambanua msuguo mgumu unaokaza mwili, na mlaini unaoulegeza, na mwingi unaoukondesha, na wa wastani unaoustawisha. Tena akaeleza msuguo wa kuutayarisha mwili kabla ya mazoezi na wa kuutuliza baada yake, jambo ambalo wachezaji wa mpira wa leo hulifanya pembeni mwa uwanja bila ya kujua kwamba lina umri wa karne kumi. Wengi humtaja Per Henrik Ling wa Uswidi, aliyefungua chuo cha mazoezi ya viungo mjini Stockholm mwaka 1813, kuwa ndiye baba wa masaji ya siku hizi. Lakini mpango wa mikono ufundishwao vyuoni, yaani kupapasa kwa mikono mirefu, kukanda, kusugua na kugonga-gonga, unawiwa deni zaidi na Mholanzi Johann Georg Mezger, tabibu wa Amsterdam.

Kazi hii imepata pia kuchafuliwa jina, na si haki kulificha jambo hilo. Mwaka 1894 mjini London ilienea fedheha ya nyumba zilizofanya biashara nyingine chini ya kibao cha masaji. Wauguzi wanne wanawake, badala ya kuikimbia kazi, waliunda chama cha wakandaji waliofunzwa, wakajiwekea masharti makali: kutomkanda mtu ila kwa agizo la daktari, kutojitangaza ila katika magazeti ya utabibu, kutowauzia wagonjwa dawa. Katika chama hicho ndimo ilimozaliwa jumuiya ya Uingereza ya watabibu wa viungo. Nayapenda masharti yale kwa ukavu wake, kwa sababu heshima ya kazi iliokolewa kwa kanuni ndogo ndogo ambazo mtu aliweza kukamatwa akizivunja, wala haikuokolewa kwa hotuba.

Basi mtu aendaye kwa mkandaji aliyefunzwa kwa mara ya kwanza atarajie nini? Atarajie kwanza maswali. Namjua mkandaji mmoja wa Tanga, mama wa makamo aliyefunzwa na bibi yake kabla ya kufunzwa chuoni, ambaye hafungui chupa ya mafuta mpaka amekwisha kuuliza. Nilimsindikiza kwake shangazi yangu, aliyekuwa ametoka safari ndefu ya basi, mguu mmoja umemvimba chini ya goti, naye akitaka uchuliwe upesi upate kunywea. Nilikuwa nimekaa nje ya pazia, nikasikia:

"Shikamoo mama. Mguu huu ulianza lini?"

"Marahaba mwanangu. Tangu juzi, niliposhuka basini. Uchovu tu huo."

"Na huu mwingine haukuvimba?"

"Huo mzima."

Kukawa kimya kidogo, nadhani akiulinganisha joto lake kwa mgongo wa kiganja, kisha akasema, "Mama, huu mimi siushiki. Nenda hospitali sasa hivi, usingoje kesho." Shangazi alinung'unika njia nzima kwamba wakandaji wa siku hizi ni wavivu. Hospitali walimkuta na damu iliyoganda ndani ya mshipa wa muundi, ambayo laiti ingalichuliwa ingaliweza kung'oka ikasafiri mpaka mapafuni. Akatiwa dawani, na ujira wa mkandaji siku ile ukawa ni asante ya kuchelewa.

Mwili usipokuwa na kizuizi cha namna hiyo, mkandaji hutoka ili mgeni avue nguo kwa kadiri ya haya yake, alale kifudifudi chini ya shuka, na uso wake katika tundu la kitanda. Shuka hiyo ndiyo mizani ya adabu ya kazi yote: hufunuliwa sehemu inayokandwa peke yake, nayo ikimalizika hufunikwa kabla nyingine haijafunuliwa, na mkandaji asiyeitunza shuka sina haja ya kuujua ufundi wake. Mafuta, yawe ya nazi au ya ufuta, hayamiminwi mgongoni. Huyamimina kiganjani, akayasugua mpaka yapate joto la mikono. Kucha zake ni fupi na pete ameivua. Huanza kwa mikono mipana, kutoka kiunoni hata mabegani, polepole, kama msomaji apitishaye macho juu ya ukurasa kabla hajausoma; kisha dole gumba husimama kando ya kombe la bega, palipokakamaa, wala halichimbi. Hulala hapo likaongeza uzito kidogo kidogo, likingoja pumzi, na pumzi ile ndefu ikishatoka, nyama iliyokuwa ngumu huachia yenyewe chini ya kidole. Huuliza mara kwa mara kama nguvu ni nyingi au haba, na mgeni ajibu kwa kweli bila ya kuona haya, kwani mtu anayeuma meno ili aonekane shujaa huikaza misuli ile ile aliyolipa ilegezwe.

Katika mila zetu yako niliyoyakuta ambayo siyaungi mkono. Kifundo cha mguu kilichoteguka asubuhi hakipaswi kuchuliwa jioni yake, maana kungali kukivuja damu ndani, na mkono hukizidishia uvimbe; na mzazi aliyepasuliwa tumbo, maji ya moto na mikono mizito juu ya kidonda chake ni adhabu wala si huduma. Wazee waliotufundisha kukanda walitufundisha mambo mengi mema, nao wangalikuwapo leo naamini wangaliuliza maswali zaidi kuliko sisi. Wako pia wanaouza masaji kwa ahadi ya kutoa sumu mwilini. Hiyo ni kazi ya ini na figo, nazo huifanya bila ya kudai ujira. Mkandaji ana vya kutosha vya kujivunia, kulegeza mgongo uliokaza, kupunguza maumivu kwa siku kadhaa, kuleta usingizi, hata asihitaji kukopa sifa za viungo vingine.

Saa moja ikiisha huambiwa usiinuke ghafula, maana kichwa chaweza kuzunguka, naye hutoka tena nje ili uvae. Kesho yake huenda misuli ikauma kidogo kama ya mtu aliyelima baada ya kukaa siku nyingi bila ya jembe, na maumivu hayo huisha baada ya siku moja au mbili, yakizidi, mwambie. Akikutaka urudi kila juma bila ya kukueleza sababu, fikiri mara mbili. Lakini akikwambia huna haja ya kurudi mpaka mgongo ukukumbushe, mlipe ujira wake kamili pasipo kupatana naye bei, ukamtaje kwa jirani yako ashindwaye kuinama kufunga kamba za viatu.