Sauti ya Kilimani kwa Lugha ya Nani? Gazeti la Iwacu na Uteuzi wa Makala za Kusomwa Afrika Mashariki

Uteuzi wa makala bora za siasa na jamii kwa wasomi wa Afrika Mashariki mara nyingi huifikia Burundi kupitia Kifaransa au Kiingereza. Katika mkondo huo, gazeti la Iwacu, lililoasisiwa na Antoine Kaburahe mwaka 2008, ndilo linalostahili kupendekezwa kwanza. Jina lake ni neno la Kirundi lenye maana ya "kwetu". Matini yake, kwa sehemu kubwa, ni ya Kifaransa. Hapo ndipo uhakiki unapopaswa kuanzia.

Nguvu ya Iwacu haimo katika tahariri, ambazo mara nyingine huhubiri, bali katika ripoti: mwandishi hufika mahali, huuliza, kisha huwaacha watu waseme. Gharama yake inajulikana. Jean Bigirimana alitoweka tarehe 22 Julai 2016. Oktoba 2019, waandishi wanne waliokwenda Bubanza kufuatilia mapigano walikamatwa, na Januari 2020 wakahukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu kwa kosa ambalo mahakama yenyewe ililiita jaribio lisilowezekana la kushiriki kuhujumu usalama wa taifa. Walisamehewa Desemba 2020. Ni vigumu kuzisoma ripoti za gazeti hili kwa haki bila kuyajua hayo.

Hata hivyo, ujasiri haufuti kasoro ya lugha. Mkulima wa Ryansoro, mkoani Gitega, akihojiwa hujibu kwa Kirundi. Gazetini atasikika akizungumza Kifaransa sanifu, bila methali na bila kusita. Neno umushingantahe linatosha kuwa mfano. Huyo ni mtu aliyetawazwa mbele ya jamii ili aamue migogoro kwa uadilifu. Kifaransa cha magazeti humwita "notable", na mwamuzi akageuka mwenye hadhi tu. Mfasiri wa Kiswahili anayeanzia kwenye Kifaransa hicho ataandika "kigogo", na maana itakuwa imepinduka kabisa. Akianzia kwenye Kirundi atafika "mzee wa baraza", istilahi isiyotosha, ila angalau inambakiza mhusika kwenye kikao cha usuluhishi.

Pengo kubwa zaidi ni la redio, kwa kuwa raia wa vilimani ni msikilizaji kabla ya kuwa msomaji. Studio Ijambo, iliyoanzishwa mwaka 1995 vita vikiendelea, iliwatuma Wahutu na Watutsi pamoja kuandaa taarifa moja. Katika nchi ambamo kabila la msemaji lilipimwa kabla ya maneno yake, uamuzi huo wa kihariri ulikuwa hoja ya kisiasa inayozishinda insha nyingi zinazosifiwa. Lakini hauingii katika orodha yoyote ya makala, kwa sababu haukuchapishwa. Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, vituo vya RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance vilishambuliwa na kuharibiwa.

Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Kiswahili kinafundishwa katika shule zake. Fedha za tafsiri zikitengwa, kazi ianzie kwenye sauti iliyorekodiwa na mwandishi, si kwenye ukurasa uliokwisha kuchapishwa. Na jina la mfasiri liwekwe kando ya la mwandishi, isipokuwa pale ambapo kulitaja kutamponza.