Wepesi na Gharama Yake: Uhakiki wa Kontena ya Huduma ya Pimple

Uhakiki huu unachunguza Pimple, kontena ndogo ya huduma iliyoandikwa na Fabien Potencier kwa lugha ya PHP. Suala la msingi ni iwapo udogo wa kontena hupunguza kazi ya kusimamia vitegemezi vya programu, au huihamisha tu.

Kitegemezi ni kile ambacho klasi hukihitaji ili itimize kazi yake. Klasi ya kutuma barua pepe, kwa mfano, huhitaji klasi inayowasiliana na seva ya barua. Ikiiunda yenyewe, ni vigumu kuijaribu bila seva hiyo; ikipewa kutoka nje, mjaribu anaweza kuipa mbadala. Katika makala yake ya mwaka 2004, Martin Fowler alieleza utaratibu huu wa pili, yaani upachikaji wa vitegemezi, akautofautisha na kitafuta-huduma, ambapo klasi huiendea hazina ya huduma na kujichukulia inachotaka.

Ubora wa Pimple hauna budi kukubaliwa. Kontena hutumiwa kama safu ya kawaida: jina la huduma ni ufunguo, na thamani yake ni funksheni isiyo na jina inayoeleza namna huduma inavyoundwa. Funksheni hiyo haiitwi mpaka huduma ihitajike. Hivyo muunganisho wa hifadhidata usiotumika haufunguliwi. Hapo awali msanidi alipaswa kutamka kwamba huduma ni ya pamoja. Tangu toleo la 2, la mwaka 2014, huduma huwa ya pamoja isipotamkwa vinginevyo. Badiliko hilo liliondoa maneno yaliyokuwa yakirudiwa bila sababu.

Udhaifu unajitokeza katika matumizi. Katika Silex, kiunzi kilichojengwa juu ya Pimple, programu yenyewe ndiyo kontena, na kidhibiti kinaweza kuipokea nzima. Kidhibiti cha namna hiyo hakitangazi kinachohitaji; msomaji hulazimika kuupekua msimbo wake mstari kwa mstari. Hapo upachikaji umegeuka kitafuta-huduma bila yeyote kuamua hivyo. Aidha, majina ya huduma ni maandishi tu: kosa la herufi moja halionekani mpaka mstari husika utekelezwe, pengine mbele ya mtumiaji. Kontena ya Symfony, iliyo nzito zaidi, huandaliwa na kukaguliwa kabla ya kutumika, na rejeo la huduma isiyokuwapo huweza kugunduliwa katika hatua hiyo.

Inaweza kujibiwa kwamba kosa ni la mtumiaji, si la kontena. Jibu hilo lina uzito, kwani Pimple haimzuii msanidi kuandika klasi zisizoijua kontena kabisa. Hata PSR-11, kanuni ya pamoja ya kontena za PHP iliyokubaliwa mwaka 2017, inashauri klasi zisipewe kontena ili zijitafutie vitegemezi. Hata hivyo, chombo kinachoifanya njia ya mkato kuwa rahisi kuliko njia sahihi hakikosi sehemu ya lawama.

Kwa hiyo, Pimple inafaa programu ndogo ambayo msanidi mmoja anaweza kuiona kontena yake yote kwa mara moja. Programu inapokua, kontena iguswe mahali pa kuunganishia huduma tu. Pasipo nidhamu hiyo, mzigo wa mwenzio huonekana kanda la usufi: kilichokuwa chepesi kwa aliyekiandika huwaelemea watakaourithi msimbo.