Umekata Wapi?

Msanii wa fraktali anaposema kazi yake inatalii nafasi ya vipimo vinne, swali la kumuuliza ni moja: umekata wapi? Jicho la binadamu halilioni umbo la vipimo vinne. Kinachofika kwenye kioo cha kompyuta ni mkato wake tu, na mkato hubadilika kulingana na jinsi kisu kinavyopita: chungwa huonyesha nyota likikatwa kwa kukingama, na likikatwa kuanzia kikonyoni nyota hiyo haionekani. Kwa maoni yangu, ubora wa sanaa hii umo katika kuchagua mkato, na njia iliyopata sifa kubwa kuliko zote, ya kwatenioni, ndiyo inayokitumia kipimo cha nne kwa uchache.

Kwatenioni, namba zenye sehemu nne, zilibuniwa na William Rowan Hamilton mjini Dublin mwaka 1843. Kanuni ya kuzichorea ni fupi: chukua namba, izidishe kwa yenyewe, ongeza namba c isiyobadilika, kisha rudia. Namba ambazo hazitoroki hata ukirudia mara nyingi ndizo mwili wa umbo, na umbo hilo huitwa seti ya Julia, kwa jina la Mfaransa Gaston Julia. Mwaka 1982 Alan Norton wa IBM aliyachora maumbo haya kwa kuifuata ngozi yake: akishapata nukta moja juu ya ngozi, alipima jirani zake tu, hivyo kompyuta haikulazimika kupekua nafasi nzima. Mwaka 1989 John Hart, Daniel Sandin na Louis Kauffman walileta mbinu bora zaidi. Walirusha mwali kutoka jichoni, na kila uliposimama wakakadiria umbali ambao kwa hakika ngozi haimo ndani yake, kisha mwali ukaruka umbali huo wote. Karibu na ngozi miruko hufupika yenyewe. Makadirio hayo huhitaji namba na kasi ya mabadiliko yake zibebwe pamoja katika kila rudio, na hapo ndipo ulipo ustadi wa kazi yote.

Hata hivyo, itazameni hesabu yenyewe. Namba c yoyote inaweza kuzungushwa hadi ibaki na sehemu mbili za kwanza tu. Ikishakuwa hivyo, sehemu ya tatu na ya nne za nukta tunayoanzia huathiri matokeo kwa urefu wake wa pamoja peke yake. Namba nne zinafanya kazi ya tatu. Umbo zima basi ni umbo la vipimo vitatu lililozungushwa, kama chungu kwenye gurudumu la mfinyanzi, na ndiyo maana picha nyingi za kwatenioni zina ulaini wa unga uliokandwa na kuvutwa. Mtetezi atasema mkato wa mshazari huzaa sura mpya. Ni kweli, lakini sura hizo zote zinasoma habari ileile ya namba tatu.

Ipo njia nyingine, inayojulikana kama Julibrot, nayo hurudi kwenye namba changamano za kawaida, zenye sehemu mbili. Acha namba ya kuanzia ibadilike, na c nayo ibadilike: mbili na mbili, nne. Ukianzia sifuri daima na kuibadilisha c, unapata seti ya Mandelbrot. Ukiishika c na kubadilisha mwanzo, unapata seti ya Julia. Bapa hizi mbili hukutana katika nukta moja tu, jambo lisilowezekana katika vipimo vitatu, ambamo bapa mbili zikikutana huacha mstari. Kwa hiyo anayedai kwamba kipimo cha nne ni neno tupu hapa ana jibu lake. Msanii huchagua mielekeo miwili ya mkato, akaizungusha taratibu kutoka Mandelbrot hadi Julia, na katikati hutokea maumbo ambayo hayamo katika seti yoyote kati ya hizo mbili. Wapo wanaolalamika kwamba picha hizi ni bapa, hazina kivuli wala mwanga wa kwatenioni. Mwanga huo ni mzuri kweli, ila unatoka katika mbinu ya mwali, na mkato wa vipimo vitatu wa Julibrot nao unaweza kumulikwa.

Ninawaomba wasanii wetu waandike chini ya kila kazi thamani ya c, au kitovu na mielekeo ya mkato, ili mtazamaji aweze kukata palepale na kujionea mwenyewe.