Hongera, Fundi wa Pikipiki za Maji

Pale ufukweni Nyali, Mombasa, pikipiki ya maji iliyogoma haisukumwi ikawaka kama bodaboda. Humngoja fundi. Nampongeza kwanza kwa masikio yake: kabla hajashika spana, hunyamaza akasikiliza. Kisha huchomoa plagi. Ikiwa nyeusi na imelowa, injini inakunywa mafuta kupita kiasi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, hewa imezidi na pistoni iko hatarini kuungua. Halafu hupima mgandamizo wa kila silinda, maana kwenye injini kuukuu ya mipigo miwili, silinda moja ikiwa imechoka kuliko mwenzake, kusafisha kabureta ni kupoteza siku.

Ila sifa kubwa ni ya jioni, wakati wa kuosha chumvi. Injini huwashwa kwanza, ndipo bomba la maji baridi lifunguliwe. Wakati wa kuzima, maji ndiyo hutangulia kufungwa. Ukigeuza mpangilio huo, maji hupenya kupitia ekzosi hadi ndani ya silinda. Wengi wetu hatuna subira hiyo. Yeye anayo, na mikono yake hunukia petroli hata siku ya Idi.