Michezo ya Vita ya Zamani: Tunatamani Nini Hasa?

Huenda hata nyumbani kwako yupo mtu wa namna hii: baba wa makamo, mwenye kazi yake na watoto wake, mtu wa msikitini, lakini ukimtajia michezo ya vita ya kompyuta ya zamani uso humkunjuka kama aliyetajiwa kijiji alichozaliwa. Hapa kwetu Mwenge wako wengi. Ni watu waliokuwa wanafunzi hapo jirani Mlimani, au vijana wa mtaani tu, katika miaka ya mwisho ya 1990 na ya mwanzo ya 2000. Watakwambia kuwa michezo ya leo ni makelele na mbio tupu, na ile ya zamani ilikuwa na akili.

Neno hili si la kupuuzwa. Na tulipime.

Kwanza ikumbukwe kuwa michezo hiyo ilitufikia ikiwa tayari imezeeka. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, na marufuku hiyo ilikuja kulegezwa kidogo kidogo. Hivyo mchezo wa Civilization, uliotungwa na Sid Meier, ulipotoka Marekani mwaka 1991, ni nyumba chache mno za Dar es Salaam zilizokuwa na chombo cha kuuchezea. Uliingia baadaye, mkono kwa mkono, katika diski za kunakiliwa. (Haki ya mwenye mali yake haikuulizwa na mtu, nasi hatuna budi kulisema.)

Kwa asiyeujua, mchezo wa zamu ni huu: wewe unaongoza taifa au jeshi, unasogeza vikosi vyako juu ya ramani, kisha unanyamaza na adui naye anasogeza vyake. Hakuna anayekuharakisha. Unaweza kunywa chai yako, ukazunguka chumbani, ukarudi na ramani ikawa palepale inakungoja. Katika Civilization unaanza mwaka 4000 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.) na kundi dogo la watu wasio na mji, ukaja hadi zama za vyombo vya kwenda angani. Mwenye kutunga jambo la namna hii hapana shaka ni mtu mwenye kipaji. Na kinachotamaniwa na wazee wetu hawa, kwa maoni yangu, ndicho hiki: ile ruhusa ya kufikiri kabla ya kutenda. Simu ya mkononi imetunyang'anya ruhusa hiyo, na kila mmoja wetu anaijua njaa yake.

Hapo niko pamoja nao. Baada ya hapo tunaachana.

Chukua jambo la bahati. Waliocheza Civilization ya kwanza wanakumbuka wakicheka jinsi askari wa mikuki wa kale walivyoweza, mara mojamoja, kushinda kifaru cha chuma. Iliwezekanaje? Kwa sababu kila pigano ndani ya mtambo liliamuliwa kwa kitu kama dadu, ila dadu lenyewe hulioni. Msomaji anajua jinsi Mtume (S.A.W.) alivyoukemea mchezo wa nardi, ambao ni wa dadu. Sataranji maulamaa waliitazama vingine: Imam Shafi (R.A.) aliiona kuwa makuruhu tu, madamu hamna kamari ndani yake wala haimpitishi mtu wakati wa sala, na maimamu wengine watatu walikuwa wakali zaidi yake. Simo katika kutoa fatwa juu ya kompyuta, kwani hiyo ni kazi ya wenye elimu. Nasema tu kwamba anayejisifu kuwa mchezo wake ulikuwa wa akili tupu amesahau dadu lililokuwa ndani ya sanduku. Tena amesahau jinsi alivyolikwepa: alikuwa akiuhifadhi mchezo kabla ya pigano, akishindwa anarudi nyuma na kupigana upya, hata mara kumi, mpaka bahati ikubali. Je, huko ni kufikiri kabla ya kutenda, au ni kutenda bila ya kubeba matokeo?

La pili ni zito zaidi. Upo mchezo mwingine unaopendwa sana na watu hawa, Panzer General, wa mwaka 1994. Humo wewe ni jenerali wa Kijerumani, unaanza kuivamia Poland mwaka 1939, na ukicheza vizuri sana unaweza kufika hadi Washington. Kila kikosi kina hesabu yake ya mafuta na risasi, na hesabu hizo zimepangwa kwa ustadi. Lakini raia hayumo. Kambi za mauaji hazimo. Vita vimeoshwa vikawa kama saa inayokwenda vizuri, na mchezaji anajifunza kumpenda jenerali kwa ustadi wake bila ya kuuliza anamtumikia nani.

Sisi wa pwani hii tuna sababu ya pekee ya kuuliza. Mjerumani tumemjua kabla ya Poland. Alimnyonga Abushiri Pangani mwaka 1889. Na hiyo hesabu ya mafuta na risasi, ambayo mtu wa Mwenge huisogeza kwa kidole, sisi tunayo maana yake mjini mwetu, na tunaipanda daladala kila siku. Kariakoo jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918. Wakati ule chakula na risasi zilikwenda juu ya vichwa na mabega ya watu. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao hukisiwa kukaribia laki moja, wengi wao kwa maradhi na njaa. Hakuna mchezo niujuao ambao mpagazi anaonekana. Anaonekana jenerali, na kikosi, na tarakimu.

Na tukionekana sisi tunaonekanaje? Katika Civilization ya 1991 mataifa ya kuchagua yalikuwa 14. Wamisri na Wazulu wamo. Waarabu hawamo, sembuse Waswahili. Katika toleo la sita, la mwaka 2016, Zanzibar imo, lakini huwezi kuiongoza. Ni mji mdogo wa kuvutwa huku na huku na wakubwa: anayepeleka wajumbe wengi kuliko wenziwe ndiye anayekuwa bwana wake, na ujira wake ni karafuu na mdalasini. Mwaka 2018 ikaongezwa na Kilwa Kisiwani, kama jengo la ajabu ambalo taifa lolote laweza kulijenga, na faida yake kubwa humwendea yule aliye bwana wa miji midogo kama Zanzibar! Kilwa ambayo Ibn Battuta aliizuru mwaka 1331 akausifu ukarimu wa sultani wake, na ambayo Francisco de Almeida aliipora mwaka 1505, leo imekuwa chombo cha kumnufaisha mwenye kutawala wengine. Na hizo karafuu hazikuokotwa chini. Zilipandwa na kuchumwa kwa jasho la watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria Unguja hadi 1897. Vijana wetu hufurahi kuona jina la kwao kwenye ramani. Nami nilifurahi, kwa dakika chache.

Sasa mtu atauliza: huyu baba wa makamo afanye nini na hamu yake? Mimi namrudisha nyuma ya mabanda ya wachonga vinyago wa hapahapa Mwenge, kwenye bao. Bao nalo ni vita vya zamu: kuna kuteka, kuna nyumba ya kulinda, kuna safu ya mbele ambayo ikimalizwa umeshindwa. Dadu hakuna, si la wazi wala la kufichwa. Kete 64 ziko mbele ya macho ya wote, isipokuwa zile za kunamua zilizo mkononi, nazo idadi yake inajulikana. Kete iliyotekwa haifi. Hupandwa upande wa aliyeteka, na kesho yake, au baada ya zamu mbili, hurudi ilikotoka. Mchezo unamalizika na kete zikiwa 64 vilevile. Na kurudi nyuma kwenda kujaribu upya hakuna, maana baraza zima limeona, na mzee mmoja pembeni amekwisha kukucheka.

Sisemi kuwa bao limetakasika. Yako mabaraza ya kuwekeana fedha, na yako ya matusi, na adhana ya Magharibi imewakuta wengi wakisema "ngoja nimalize mtaji huu." Lakini baraza lina watu. Mmoja akiinuka kwenda kutawadha, mwenziwe hana wa kucheza naye. Kompyuta haiinuki. Wachezaji wa Civilization duniani kote wana msemo wao mmoja, "zamu moja tu", na mke wa mchezaji anaujua vizuri kuliko yeye: Isha imesaliwa kwa wakati wake, taa ikabaki inawaka chumba cha mbele, zamu moja tu, zamu moja tu, mpaka mwadhini wa Alfajiri akamkuta mtu ameshinda dunia nzima na hana nguvu ya kusimama rakaa mbili.

Ukiamua kumnunulia mumeo au nduguyo bao pale Mwenge, tazama vizuri. Mengi yanayouzwa yamechongwa kwa ajili ya watalii, ya kukunja, yenye safu mbili tu, na bao la Kiswahili halichezeki juu yake. Hesabu mashimo kwanza: yawe 32, safu nne za manane, na nyumba mbili ziwe za mraba.