Ufunguo Mikononi mwa Mwenye Hati: Uhifadhi wa Nyaraka za Siri za Biashara Nje ya Wingu la Umma

Kuhifadhi nyaraka za siri za biashara nje ya wingu la umma ni kazi yenye maswali mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: mahali zilipo nyaraka, na nani anayeweza kuzisoma. Wingu la umma ni huduma ambayo kampuni kubwa hukodisha sehemu za seva zake kwa wateja wengi kupitia intaneti, na kila mteja hulipia nafasi anayoitumia bila kuimiliki mashine. Kwa chama cha akiba na mikopo (sacco) cha Kakamega, kwa ofisi ya mawakili inayopeleka mashauri katika Mahakama Kuu ya mji huo, au kwa kampuni inayonunua miwa ya wakulima wa Mumias na Malava, mpango huo ni mwepesi kuuanza, lakini unaacha mikataba, vitabu vya mikopo na nakala za hatimiliki zilizowekwa rehani mikononi mwa mtu wa tatu. Uchambuzi huu unaeleza jinsi uhifadhi mbadala unavyojengwa, na unashikilia kwamba kuihamisha seva peke yake hakulindi siri yoyote: kinachoilinda ni mpangilio wa funguo, ilhali eneo la seva na anayeiendesha huamua ni sheria ya nchi gani na hatari za mazingira gani zitakazozifikia nyaraka hizo.

Sheria inayomfuata mwenye seva

Desemba 2013 mahakama ya Marekani iliitaka Microsoft ikabidhi barua pepe zilizokuwa kwenye seva zake mjini Dublin, Ireland. Kampuni hiyo ilipinga kwa hoja kwamba amri hiyo haikuwa na nguvu nje ya Marekani, na shauri likafika Mahakama ya Juu, lakini kabla halijaamuliwa, Bunge la nchi hiyo lilipitisha, Machi 2018, sheria ijulikanayo kama CLOUD Act, inayowalazimu watoa huduma walio chini ya mamlaka ya Marekani kukabidhi data wanayoidhibiti wanapopewa amri halali, hata kama data yenyewe imewekwa katika nchi nyingine. Kwa mfanyabiashara wa Kakamega, hii ina maana kwamba kuchagua kituo cha data kilichojengwa Afrika hakubadilishi sheria inayoitawala kampuni inayokiendesha.

Upande wa Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayaweka maelezo ya mali ya mtu na ya familia yake miongoni mwa data nyeti, yaani data ambayo ikivuja humdhuru mhusika kwa kiwango kikubwa. Kifungu cha 49 kinaruhusu data hiyo ichakatwe nje ya nchi pale tu mhusika anaporidhia na ulinzi unaofaa unapothibitishwa, na kifungu cha 50 kinampa waziri uwezo wa kuagiza aina fulani za uchakataji zifanywe kwenye seva zilizo Kenya. Faili ya mkopo wa sacco, yenye hatimiliki ya shamba, jina la mwenzi na majina ya watoto walioandikwa kuwa warithi, imo ndani ya ufafanuzi huo moja kwa moja, na kwa hiyo msimamizi anayeiweka kwenye akaunti ya bure ya ng'ambo amekwisha kujitwika wajibu wa kisheria, awe anaujua au haujui.

Uhamisho wa 2015 na mpangilio wake

Kenya ina mfano mkubwa wa data ya biashara iliyorudishwa nyumbani. M-PESA ilizinduliwa na Safaricom Machi 2007, na kwa miaka kadhaa seva zilizobeba hesabu za wateja zilikuwa Ulaya. Aprili 2015 huduma hiyo ilihamishwa kutoka seva zilizokuwa Ujerumani hadi seva zilizo Kenya, kwenye jukwaa jipya lililotengenezwa na Huawei. Wateja walitangaziwa mapema, na huduma ikasimamishwa usiku wa mwisho wa juma ili mageuzi yafanyike wakati shughuli zimepungua. Kusimamisha huduma ndiko kulikokuwa kiini cha ufundi wenyewe, kwa sababu data inayoendelea kubadilika ni vigumu kuinakili kwa uhakika.

Ofisi ndogo hufuata mpangilio huohuo kwa kipimo chake. Seva mpya huwekwa kando ya hifadhi ya zamani, Ijumaa jioni hifadhi ya zamani hufungwa ili isomwe tu bila kuandikwa, faili hunakiliwa, kisha kila faili hulinganishwa kwa alama yake ya utambulisho, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na maudhui ya faili kwa kanuni kama SHA-256, ambao hubadilika kabisa hata koma moja inapoongezwa. Alama zikilingana, wafanyakazi hufunguliwa mfumo mpya Jumatatu, na hifadhi ya zamani haifutwi mpaka muda wa kutosha wa majaribio upite.

Mashine na anga ya Kakamega

Seva inayohitajika si kubwa: kompyuta moja yenye diski mbili zinazoandikwa data ileile kwa pamoja, ili moja ikiharibika nyingine iendelee, pamoja na programu huria ya kushirikiana faili kama Nextcloud, iliyoanzishwa mwaka 2016 na ambayo msimbo wake unaweza kukaguliwa na yeyote. Wafanyakazi walio nje ya ofisi huifikia kupitia VPN, yaani njia iliyofungwa ndani ya intaneti ya kawaida, ili mlango wa seva usionekane na kila mpita njia wa mtandaoni.

Ugumu wa Kakamega uko angani na kwenye nyaya. Sehemu zenye mvua nyingi za kaunti hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua za alasiri huja na radi za mara kwa mara. Radi haihitaji kupiga jengo lenyewe ili iharibu seva, kwani mapigo yaliyo karibu huamsha mkondo wa ghafla ndani ya nyaya za shaba, na waya wa mtandao unaounganisha majengo mawili huubeba mkondo huo hadi kwenye mashine. Kwa sababu hiyo muunganisho wa jengo kwa jengo hufanywa kwa faiba, ambayo hubeba mwanga ndani ya uzi wa kioo na haipitishi umeme. Jengo huwekewa fimbo ya kupeleka umeme ardhini, na kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme huwekwa pale umeme unapoingilia.

Kukatika kwa umeme ni hatari nyingine, kama ulivyoonyesha usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilipokaa gizani kwa saa nyingi. Betri ya UPS, yaani kifaa cha umeme wa akiba, haikusudiwi kuiendesha seva usiku kucha. Kazi yake ni kuipa dakika za kujizima kwa utaratibu, kwa sababu umeme unaokatika wakati hifadhidata inaandikwa unaweza kuiacha na kumbukumbu nusunusu. Seva ambayo haijaelekezwa kujizima betri inapopungua imepewa kinga ya nusu tu.

Mgawanyo wa ufunguo

Mwizi akiibeba seva usiku, kufuli ya mlango imekwisha kushindwa, na kinachobaki ni usimbaji fiche, yaani kubadilisha maudhui ya diski kwa hesabu hadi yasisomeke bila ufunguo. Kanuni inayotumika sana ni AES, iliyobuniwa na Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen na kufanywa kiwango rasmi cha Marekani mwaka 2001. Kanuni hiyo ni imara, lakini uimara wake huhamishia swali lote kwenye ufunguo: ukiwa na meneja peke yake, meneja anaweza kuondoka nao au kufariki bila kuuacha, na ukinakiliwa kwa wakurugenzi wote, kila mmoja wao anaweza kufungua kila kitu bila mwenzake kujua.

Jibu lilitolewa mwaka 1979 na mtaalamu wa hisabati Adi Shamir, na linaweza kuonyeshwa kwa namba ndogo. Ikiwa siri ni 58, huchaguliwa namba nyingine kwa bahati nasibu, tuseme 13, na kila mkurugenzi hupewa 58 pamoja na 13 mara nambari yake ya kiti: wa kwanza hupata 71, wa pili 84, wa tatu 97, wa nne 110 na wa tano 123. Anayeshika 84 peke yake hawezi kuijua siri, kwa kuwa namba nyingi zinaweza kuwa siri, kutegemea namba ya pili iliyochaguliwa. Wa pili na wa tano wakikutana, tofauti ya 123 na 84 ni 39, ambayo ikigawanywa kwa 3, yaani tofauti ya viti vyao, hutoa 13. Na 84 ukiondoa 13 mara mbili hurejesha 58. Ili wahitajike watu watatu, hesabu ya mstari ulionyooka hubadilishwa kuwa ya mstari uliopinda, na katika matumizi halisi namba huwa kubwa mno na hukokotolewa kwa hesabu ya masalio, ili kipande kimoja kisidokeze hata sehemu ya siri. Vyama ambavyo vimezoea sefu yenye funguo mbili zinazoshikwa na maofisa wawili vinaitambua kanuni hii mara moja. Kilichoongezwa ni kwamba mmoja akikosekana, wengine wanatosha.

Nakala, muda na ushahidi

Machi 10, 2021 moto uliteketeza kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja wakapoteza data moja kwa moja kwa kuwa hawakuwa na nakala mahali pengine. Kanuni ya kawaida ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali. Kwa ofisi ya Kakamega, nakala ya mbali inaweza kukaa kwenye tawi la Kisumu au Eldoret, ikiwa imesimbwa kabla ya kutoka mlangoni. Nakala iliyosimbwa hivyo inaweza hata kuwekwa kwenye wingu la umma bila kuisaliti siri, mradi ufunguo haukuambatana nayo.

Si kila hati inastahili kubaki. Kakamega ina kituo cha kumbukumbu cha kanda cha Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, na utaratibu wa vituo vya aina hiyo, wa kuorodhesha majalada na kuyapangia tarehe ya kuhifadhiwa au kuteketezwa, unafaa pia kwa seva ya biashara. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inataka kumbukumbu za ushuru zitunzwe kwa miaka mitano, na data ya mtu inayobaki bila sababu ya kisheria ni mzigo, si mali. Aidha, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti cha mtu anayehusika na uendeshaji wa mfumo pale kumbukumbu ya kielektroniki inapotolewa mahakamani, jambo linalolipa uzito daftari la seva linaloonyesha nani alifungua hati gani na lini.

Anayetoka kwenye wingu la umma huchukua pia kazi ambazo wingu lilikuwa likimfanyia: kusasisha programu, kubadilisha diski zilizochoka, na kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 data ya watu inapofikiwa na asiyeruhusiwa na kukawa na hatari halisi ya madhara kwao. Ofisi isiyo na mtu wa kuzibeba kazi hizo itakuwa salama zaidi ikisimba faili zake yenyewe na kuziacha pale zilipo. Bodi inayopima kuhama ina mambo mawili ya kudai kabla ya kununua kifaa chochote: orodha iliyotiwa saini ya wanaoshika vipande vya ufunguo, na ripoti ya jaribio ambalo hati halisi zilirejeshwa kutoka kwenye nakala ya mbali hadi kwenye mashine tupu. Jaribio hilo lirudiwe kila mwaka, mbele ya kamati ya usimamizi, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haijathibitishwa kuwa ipo.